Mkaidi mmoja kati ya majirani

Leo tuache mambo ya simu kidogo. Marafiki zangu wa Bungoma huniuliza vitabu vya falsafa vinamsaidia nini mtu wa kompyuta. Jibu langu ni hili.

Mwaka 1971 mwanauchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alichapisha modeli ndogo sana. Chora miraba kama ya drafti, panga vijitu vya rangi mbili, kisha kila kimoja kipe sharti: nikikosa theluthi ya majirani wa rangi yangu, nahama. Hakuna anayemchukia mwenzake, lakini baada ya raundi kadhaa rangi zinajitenga! Programu ya bure ya NetLogo itakuonyesha jambo hili kwa dakika chache.

Mimi naishi Kitale. Stendi ya matatu za Bungoma pekee utasikia lugha nne au tano. Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wengi wa Trans Nzoia walihama makwao. Je, Schelling anaeleza hayo? Hapana. Wale hawakuchagua kuhama, walifukuzwa.

Hapo ndipo falsafa inapoingia. Kijitu cha Schelling kimezaliwa na sharti lake na hakibadiliki. Hiyo si hesabu, ni dai kuhusu binadamu. Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alishikilia kwamba mtu hufanywa mtu na jamii yake.

Basi nikabadilisha programu. Vijitu visihame, ila kila raundi kila kimoja kisogeze msimamo wake kuelekea wastani wa majirani. Vyote vikakutana katikati. Kisha nikaweka kimoja kisichosikiliza yeyote. Polepole vyote vikamfuata mkaidi huyo! Hesabu nayo inakubali: kama wengine wote wanaendelea kusikilizana, mkaidi mmoja anatosha, mradi apewe muda.

Mwisho nikaongeza mkaidi wa pili, huyu wa amani. Waliobaki wakatulia kati ya hao wawili, hawakumezwa tena na yule wa kwanza.

Vijitu si watu, najua. Lakini uchaguzi ukikaribia na mtu mmoja mtaani akaanza kurudia kila siku kwamba majirani fulani si wa hapa, tusiseme "mwacheni, ni mmoja tu." Tuulize: mkaidi wetu wa pili yuko wapi?