Merikebu Iliyokuwa Shule



Sisi tulizaliwa mbali na bahari. Maji makubwa tunayoyajua ni ya ziwa Tanganyika, na hata hayo huyapita tukiwa tumefumba macho. Kwa hiyo, mwaka 2010, wanafunzi wetu wa ualimu walipotuletea habari ya merikebu Concordia, tuliuliza swali la mtu wa nchi kavu: shule inatafuta nini katikati ya Atlantiki?

Na kweli ilikuwa shule. Merikebu ya chuma yenye milingoti mitatu, iliyojengwa Poland mwaka 1992, ilichukua vijana, wengi wao wa Kanada, wakasoma humo masomo ya kawaida huku wakisugua sitaha na kuvuta kamba za matanga. Usiku nao ulikuwa na kazi yake. Katika merikebu za mafunzo vijana hugawanywa kwa zamu: mmoja hushika usukani, mwingine husimama mbele akilitazama giza, mwingine huzunguka chombo chote kuangalia kama maji yameingia mahali. Karibu kila mara hukuta hakuna kitu. Hurudi, husema, “Hakuna kitu,” na baada ya muda huzunguka tena. Mfikirieni kijana wa miaka 17 anayeamshwa usiku wa manane ili akatazame kitu ambacho hakipo!

Tarehe 17 Februari mwaka ule, Concordia ilikuwa imetoka Recife kuelekea Montevideo, mbali sana na pwani ya Brazil. Mchana upepo mkali uliipiga, ikalala ubavu, isiinuke tena. Wachunguzi wa Kanada waliandika baadaye kwamba matanga hayakupunguzwa mapema, na kwamba maji yaliingia kwa milango na madirisha yaliyoachwa wazi. Mlango wazi tu. Katika joto lile, nani kati yetu asingeuacha?

Walikuwamo watu 64, na kati yao wanafunzi 48. Wote walifika katika mashua za mpira. Zoezi la kuihama merikebu, lile linalochosha, walikuwa wamekwisha kulirudia: jaketi la kuokolea liko wapi, unasimama wapi, unamhesabu nani. Walikaa majini karibu siku mbili, wamelowa, hadi ndege ya Brazil ilipowaona na meli za mizigo zikawaokota. Hakupotea hata mmoja.

Hapa tunakiri jambo. Kwa miaka mingi tuliwaambia walimu wetu wachanga kwamba kurudiarudia ni ugonjwa wa shule ya kale. Siku ile msichana mmoja alituuliza kwa adabu: “Mwalimu, tulipokwenda Baraka kwa mazoezi ya kufundisha, majaketi ya boti yalikuwa wapi?”

Yalikuwa chini ya magunia ya mihogo. Wakubwa wa safari tulikuwa sisi, na hatukuwa tumeuliza.

Safari iliyofuata, pale Uvira, tuliyatoa wenyewe kabla kamba haijafunguliwa. Wenye magunia walinung'unika, boti ikachelewa. Tukahesabu majaketi, tukahesabu watu, tukarudia. Majaketi yalikuwa 19, nasi tulikuwa 26. Saba tulibaki ufukoni tukingojea boti ya kesho yake, na yule msichana alikuwa miongoni mwetu, akicheka kidogo.