Mpiga Kinanda wa Hyde Park

Pink Floyd waliingia nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, bila sura. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na likizo moja alirudi na kaseti aliyorekodiwa na baharia mwenzake. Juu yake paliandikwa jina la bendi kwa wino wa bluu, basi. Hapakuwa na jalada, picha wala majina ya nyimbo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na magazeti yaliyofika mtaani kwetu hayakuwa na habari za Waingereza wapiga roki. Kwa hiyo nilikua nikiipenda bendi ambayo sikujua ina watu wangapi, nani anaimba, nani anapiga nini.

Kaseti ile ilikuwa The Dark Side of the Moon, albamu ya mwaka 1973. Inaanza na mapigo ya moyo, polepole, kwa mbali, hata unadhani redio ina hitilafu. Halafu kuna mahali saa za ukutani zinalia zote kwa pamoja, na mara ya kwanza zilipolia bibi alitoka uani na mwiko mkononi kuuliza nani kavunja nini. Mjomba akacheka, akarudisha kanda nyuma, akamwekea tena. Kuna wimbo mwingine unaoanza kwa mlio wa mashine ya fedha ya dukani, sarafu zikimwagika kwa mdundo. Nikamuuliza, "Mjomba, hawa wanasema nini?" Akanijibu, "We sikiliza tu, mjomba. Maneno utayajua ukikua."

Bendi zetu tulizijua kwa namna nyingine kabisa. Tanga ulikuwa mji wa Jamhuri Jazz na Atomic, na hata mtoto wa shule alijua nani kashika solo na nani kashika besi. Mwanamuziki akihama bendi, habari zilifika mtaani kabla yeye hajafika huko aendako. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Msondo akaenda Sikinde, akatoka Sikinde akaenda OSS, baadaye akarejea Msondo, na kila hatua yake ilijadiliwa vijiweni kwa wiki nzima. Lakini jina la bendi halikuondoka naye. Msondo ilianza kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, kwa sababu mwenye bendi na vyombo alikuwa chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuja na kuondoka, vyombo vilibaki, na Jumamosi watu walikwenda kucheza.

Nilipokwenda kufanya kazi London, miaka ya mwanzo ya 2000, ndipo nilipozipata sura za watu wa ile kaseti. Nick Mason, mpiga ngoma wao, alitoa kitabu mwaka 2004, nami nikakiazima maktaba ya mtaa. Nilisoma jinsi Syd Barrett, aliyewatungia nyimbo za mwanzo, alivyougua akili na kutengana na wenzake mwaka 1968, David Gilmour akashika gitaa. Nilisoma jinsi Roger Waters, mpiga besi, alivyozidi kuishika bendi mkononi, kwanza kwa vipaji vyake vya kutunga, halafu kwa ukali. Mwaka 1985 alijitoa, na wenzake walipoamua kuendelea akaenda mahakamani kuzuia jina lisitumike. Walisuluhishana mwishoni mwa mwaka 1987: Gilmour na Mason wakabaki na jina, Waters akabaki na The Wall na mambo yake kadhaa. Baada ya hapo wakawa watu wanaosemana kupitia waandishi wa habari.

Kisa hicho kilinichukua mzimamzima. Kila wimbo niliousikia nilianza kuugawa: huu wa Waters, huu wa Gilmour. Mashabiki wote niliokutana nao London walikuwa wamejipanga hivyo hivyo, upande wa maneno na upande wa gitaa, wakibishana kama watu wa Sikinde na Msondo. Habari ya mpiga kinanda, Richard Wright, ilikuwemo ndani ya kitabu hicho hicho, nami niliisoma haraka nikapita. Waters alimtaka aondoke mwaka 1979, wakati wanarekodi The Wall. Akaondoka, halafu kwenye maonyesho ya albamu hiyo, mwaka 1980 na 1981, akarudi kupiga kama mwanamuziki wa kulipwa. Katika bendi aliyoshiriki kuianzisha, alikuwa deiwaka.

Mwaka 2005 mwanamuziki Bob Geldof aliandaa matamasha ya Live 8, miaka 20 baada ya tamasha lake la Live Aid, ili kuwashinikiza kuhusu umaskini wa Afrika wakuu wa nchi tajiri waliokuwa wanakutana Gleneagles, Scotland, kuanzia tarehe 6 Julai. Matamasha yalipangwa siku moja, Jumamosi ya tarehe 2 Julai, kutoka Tokyo hadi Philadelphia, Johannesburg ikiwemo. Geldof aliwataka Pink Floyd, tena wote wanne. Gilmour alikataa. Geldof akapanda treni kumfuata nyumbani, akakataliwa tena. Habari zikamfikia Waters kupitia Mason, na Waters, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mazungumzo ya maana na Gilmour, akanyanyua simu akampigia mwenyewe. Gilmour aliomba muda wa kufikiri, kisha akakubali. Alisema hadharani kwamba magomvi yao ni madogo mno mbele ya jambo lenyewe. Tangazo lilitoka tarehe 12 Juni, na kazini kwetu wazee wawili wa Kiingereza walikaa kimya mapumziko yote ya chai wakilisoma gazeti moja kwa zamu.

Tiketi hazikuuzwa. Watu walituma ujumbe wa simu kujibu swali, na walioshinda walipewa tiketi mbili mbili. Mwenzangu wa kazini alishinda, na akijua nilikotoka na muziki nilioupenda, akaniambia ya pili ni yangu.

Hyde Park, London, siku ile ilijaa watu tangu mchana. U2 na Paul McCartney walifungua saa nane, na wasanii wakapishana hadi ratiba ikapitiliza kabisa. Kofi Annan alipanda jukwaani. Binti wa Ethiopia, Birhan Woldu, ambaye picha yake akiwa mtoto mgonjwa wa njaa ilioneshwa duniani kote mwaka 1985, alisimama pale akiwa mzima, mwanafunzi, akashikana mkono na Madonna. Miguu ilikuwa inaniuma. Giza lilikuwa limeshaingia, saa tano usiku inakaribia, The Who wameshashuka, ndipo taa zikapunguzwa na yale mapigo ya moyo yakaanza kutoka kwenye maspika makubwa kuliko nyumba yetu ya Ngamiani.

Nililia. Sikuwa peke yangu. Mwanamume mnene aliyekuwa mbele yangu alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Walipiga nyimbo nne kwa dakika 20 na ushee: Breathe, Money, Wish You Were Here na Comfortably Numb. Kwenye Money alitoka Dick Parry na saksofoni yake, yule yule aliyeipiga kwenye albamu ya mwaka 1973. Waters alikuwa na furaha isiyofichika. Hata alipokuwa haimbi yeye, midomo yake ilifuatisha kila neno la Gilmour. Gilmour alisimama wima, ametulia, macho kwenye gitaa. Kabla ya wimbo wa tatu Waters aliongea, akasema wanaupiga kwa ajili ya wote wasiokuwepo, hasa Syd. Kisha yeye na Gilmour, kila mmoja na gitaa kavu, wakaimba kwa kupokezana wimbo uliotungwa kwa kumkumbuka rafiki yao.

Kinanda kilikuwa upande mmoja wa jukwaa. Kamera zilimpitia Wright mara chache, mtu mwembamba mwenye mvi, kichwa ameinamisha. Hakuna aliyemtaja pale tulipokuwa. Ila kwenye Comfortably Numb, Gilmour alipoingia kwenye solo ya mwisho, skrini kubwa ilimwonyesha kidogo Wright akiwa amekandamiza vidole bila haraka, na sauti nzito ya kinanda chake ikawa imetanda chini ya gitaa lile kiasi kwamba gitaa lisingekuwa na pa kusimama bila hiyo. Nikakumbuka kaseti. Hii ndiyo sauti niliyoipenda kabla sijajua jina la mtu yeyote.

Wimbo ulipoisha Gilmour alianza kuondoka. Waters akamwita kwa mkono, njoo, na wote wanne wakakumbatiana mabegani mbele ya watu. Hawakuwa wamepiga pamoja jukwaani tangu mwaka 1981.

Siku hiyo hiyo, kwenye bustani ya Eden Project kule Cornwall, kulikuwa na tamasha jingine walilowekewa wasanii wa Afrika baada ya watu kulalamika kwamba jukwaa la London halina Waafrika. Ayub Ogada wa Kenya alikuwepo na nyatiti yake, Geoffrey Oryema wa Uganda, Thomas Mapfumo, na Kanda Bongo Man, ambaye harusi za Tanga haziishi bila yeye. Youssou N'Dour alizunguka London, Cornwall na Paris siku moja. Jambo hilo liliniuma na linaniuma hadi leo. Tamasha la kusema Afrika isikilizwe liliwapeleka waimbaji wa Afrika mamia ya kilomita kutoka kwenye kamera kubwa, na hakuna sababu ya ratiba inayoweza kulieleza.

Hata hivyo siwezi kulibeza tamasha lile. Mwalimu Nyerere aliuliza mwaka 1985, akiwa bado Ikulu, kama ni lazima tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni. Miaka 20 ilipita swali likielea. Tarehe 11 Juni 2005, wiki tatu kabla ya Hyde Park, mawaziri wa fedha wa nchi hizo tajiri walikubaliana kufuta madeni ya nchi 18 kwa IMF, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, jumla yake dola bilioni 40 hivi. Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwemo. Uamuzi huo ulitokana na miaka ya kampeni za makanisa, vyama na watu wa kawaida, na magitaa yalikuja mwishoni kuhakikisha hakuna anayegeuka. Mtoto wa dada yangu alikuwa darasa la tatu Tanga wakati huo, akisoma bila kulipa ada. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, mwaka ule ule Tanzania ilipopata nafuu yake kubwa ya kwanza ya madeni. Ahadi nyingine ya Gleneagles, kuiongezea Afrika misaada ya dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010, haikutimizwa yote. Siku ya pili ya mkutano ule, tarehe 7 Julai, mabomu yalilipuka kwenye treni za London na basi moja, na dunia ikawa na mazungumzo mengine.

Albamu za Pink Floyd ziliuzwa kwa wingi baada ya tamasha. Gilmour alisema ataitoa faida hiyo kwa misaada, akawaomba wasanii wengine wafanye vivyo hivyo. Wakaja wafanyabiashara na mamilioni ya dola kutaka ziara ya wote wanne. Akakataa. Wengi walimlaumu, mimi nadhani alikuwa sahihi: walikutana kwa ajili ya kitu fulani, kikafanyika, wakarudi majumbani.

Syd Barrett alifariki Julai 2006. Richard Wright alifariki kwa saratani tarehe 15 Septemba 2008, akiwa na miaka 65. Ndipo nilipoirudia kaseti yote kwa sikio jingine, na nikagundua kwamba kila mahali palipokuwa pananisisimua tangu utoto palikuwa na vidole vyake. Ule mwendo wa piano ambao juu yake mwanamke anaimba bila maneno, ni wake. Us and Them, ule wimbo mpole ambao mjomba aliurudia jioni hadi betri ziishe, Wright aliutunga kwanza kama kipande cha piano kwa ajili ya filamu ya mwongozaji Antonioni, na Antonioni akaukataa. Siku hizi sigawi tena nyimbo kati ya wale wawili. Namsikiliza wa tatu, na wale wawili wananoga zaidi.

Waters na Gilmour walipiga pamoja tena mwaka 2010, mbele ya watu wachache, kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wa Palestina, na mwaka 2011 Gilmour alitokea kwenye onyesho la Waters London, Mason naye akaja mwishoni. Nilizitafuta picha zote za maonyesho hayo. Baadaye yakarudi maneno makali kati yao, nami nimeacha kuyafuatilia.

Rekodi ninayoiweka sasa mgeni akija nyumbani ni ile ya Gdańsk, Poland, Agosti 2006, Gilmour akiwa na bendi yake na Wright kwenye kinanda. Wanapiga Echoes. Unaanza kwa noti moja ya piano ya Wright, imepitishwa kwenye spika inayozunguka, inadondoka peke yake kabla ya kitu kingine chochote. Halafu wanaimba wawili, sauti zimelingana hata huwezi kuzitenganisha. Albamu hiyo ilitoka wiki moja baada ya Wright kufariki, na Gilmour amesema wimbo ule hataupiga tena.