Maji Matamu Kutoka Baharini

Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba mtu aweza kushikwa na kiu huku miguu yake imo majini. Visima vilivyo karibu na ufuo vilikuwa na maji ya chumvichumvi; sabuni haikufanya povu, na chai yake haikunyweka ila kwa sukari nyingi. Miaka ya ukame hata visima vya mbali huingia chumvi. Sababu yake ni hii: chini ya mchanga maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Yakichotwa mengi kuliko yanayorudishwa na mvua, yale ya bahari hupanda.

Huenda mtu akauliza, mbona tusinywe maji ya bahari kama yalivyo? Katika kila lita mna chumvi kadiri ya gramu 35, na figo za mwanadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi hivyo. Basi anywaye hutumia maji ya mwilini mwake ili kuitoa chumvi ile, na kiu yake huzidi.

Ziko njia mbili za kuiondoa chumvi. Ya kwanza ni moto, nanyi mwaweza kuijaribu pamoja na mtu mzima. Tia maji kidogo ya bahari katika sufuria, weka katikati bakuli zito tupu, funika kwa kifuniko kilichopinduliwa, kisha injika. Mvuke hupanda pasipo chumvi, hugusa kifuniko, hugeuka kuwa maji tena na kudondoka bakulini. Nilipofanya hivyo nilipata kikombe kimoja cha maji matamu kabisa, ila mkaa niliouteketeza ungaliweza kupika wali wa watu wanne.

Wazee wa bandarini waijua habari ya Kuwait, maana majahazi ya huko yalikuwa yakija Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa kusi yamejaa boriti za mikoko. Nchi ile haina mto. Watu wake walileta maji ya kunywa kwa majahazi kutoka Shatt al-Arab, mto upitao Basra. Kisha yakapatikana mafuta ardhini, na mwaka 1953 mtambo mkubwa ulianza kugeuza maji ya bahari kuwa mvuke, na mvuke kuwa maji ya kunywa. Waliweza kwa sababu moto wao ulikuwa rahisi. Kijiji cha wavuvi hakina moto wa namna hiyo.

Njia ya pili haihitaji kuchemsha. Karibu na mwaka 1960, huko California katika Marekani, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza kiwambo chembamba sana kipitishacho maji na kuizuia chumvi. Mmepata kumwona mama akikamua tui kwa kifumbu: asipokamua kwa nguvu, tui halitoki. Ndivyo ilivyo hapa, ila nguvu inayotakiwa ni kama mara 60 ya uzito wa hewa ituzungukayo. Kwa lita 1000, yaani madebe 50, mitambo mizuri hutumia uniti 3 au 4 za umeme. Umeme huo ungewasha taa ndogo ya wati 10 usiku na mchana kwa muda wa majuma mawili.

Mwaka 2018 mtambo wa namna hii ulijengwa Kiunga, katika Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, na kuni zake ni jua. Kwa maoni yangu huo ndio moto utufaao. Hata hivyo nisingebomoa birika la maji ya mvua kwa ajili yake, kwani mvua haitaki mashine.

Tena kuna yale maji yanayobaki, ambayo chumvi yake huwa karibu mara mbili. Yakimwagwa katika maji machache yaliyotulia, majani ya baharini hufa na samaki huhama; hayana budi kupelekwa penye mkondo. Viwambo navyo huchakaa, hubadilishwa baada ya miaka michache, wala jua haliuzi viwambo. Fedha hiyo yatoka katika bei ya kila debe. Bei ikimshinda mvuvi, mtambo husimama. Ikiwa ndogo mno, husimama vilevile siku kiwambo kitakapotoboka.