Kutoka Baraka Kupanda Fizi

Ukitoka Uvira kwenda kusini, balabala inafuata Ziwa Tanganyika: kuume milima, kushoto maji. Ukiona rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba, umekaribia Baraka. Sokoni kuna ndagala, mukeke, mawese na mihogo. Kisha pikipiki itakupandisha milimani hadi Fizi, makao makuu ya teritwari.

Wewe uliyekulia karibu na mgodi utajiuliza: samaki wapo, udongo upo, dhahabu ipo kule Misisi. Mbona umaskini umeng'ang'ania hapa? Jibu moja, siyo yote, linaanza mwaka 1965.

Wakati ule waasi wa Simba walishika eneo hili. Mwezi wa Aprili Che Guevara na Wakuba wake walivuka ziwa kutoka Kigoma kuwasaidia, wakarudi Novemba. Upande wa serikali, CIA ililipa Wakuba wengine, wale waliomkimbia Castro, waendeshe ndege za T-28 na B-26. Wakuba juu, Wakuba chini, na Wabembe katikati! Mwisho wa Septemba askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa njia ya ziwa.

Sasa fikiri vizuri. Mabomu yale yangevunja nini? Viwanda havikuwako. Lakini ndege haihitaji kupiga kila nyumba. Mama akisikia mlio wake mara mbili tatu, anaacha shamba la kando ya njia, anaenda kulima mlimani. Mvuvi naye anaogopa kuonekana ziwani mchana. Chakula kinapatikana kidogo, ila hakifiki sokoni. Na pasipo soko, hakuna karo ya shule.

Je, hasara hiyo ni ya milele? Wachumi Edward Miguel na Gérard Roland waliandika mwaka 2011 juu ya Vietnam, iliyopigwa na Marekani mabomu mengi ajabu. Waliona kwamba wilaya zilizopigwa sana hazikuwa maskini kuliko nyingine miaka kama 25 baada ya vita. Serikali ilirudi na kujenga upya. Laos ni habari nyingine: iliangushiwa zaidi ya tani milioni 2 kati ya 1964 na 1973, na mengi hayakulipuka. Hata leo mkulima anaogopa jembe lake mwenyewe.

Fizi haikupigwa kama Laos, hata kidogo. Ila haikupata kurudiwa kama Vietnam. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP, na watu wake wakashika milima hii hadi katikati ya miaka ya 1980. Dhahabu ikavushwa ziwa kimya kimya. Kwa utawala wa Mobutu, hapa palikuwa pa maadui, basi nani angeleta katapila kutengeneza njia? Halafu zikaja vita vya 1996 na 1998, watu wakakimbilia Tanzania, kambi ya Nyarugusu na nyinginezo. Kuanzia 2005 wengi walirudishwa kwa meli hadi Baraka, wakakuta mashamba yamekuwa pori.

Kijana, ukipata safari ya huko, uliza bei ya gunia la mihogo vijijini juu, kisha uiulize tena sokoni Baraka. Na uulize mwenye pikipiki anadai ngapi kulishusha, hasa mvua ikinyesha.