Kurasa Kumi na Sita za Migongo

Neno imigongo la Kinyarwanda halimpi shida mtu anayejua Kiswahili. Ni migongo, basi. Sanaa yenyewe imepata jina hilo kwa sababu ya matuta membamba yanayoinuka juu ya ubao. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole kufuata mistari iliyochorwa, huachwa ikauke, husuguliwa, kisha hupakwa rangi: nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Kwao ni Kirehe, mashariki ya Rwanda, katika nchi iliyokuwa ufalme wa Gisaka, na masimulizi yanamtaja mwanamfalme Kakira kuwa ndiye aliyeanza kupamba kuta za ndani kwa namna hiyo. Baada ya mwaka 1994, wanawake wa Nyarubuye, wajane wakiwamo, walijiunga katika ushirika wakaifufua.

Sisi wa Gisenyi tuko pembe nyingine kabisa ya nchi. Tunalo ziwa, tunao mpaka, tunao sambaza wa kukaanga, lakini makumbusho ya sanaa hatuna. Kwa hiyo tulipoamua, wanafunzi sita, kutengeneza zini juu ya sanaa ya makumbusho, ilibidi kwanza tupande basi hadi Nyabugogo, na kutoka hapo basi jingine hadi Huye.

Zini ni kijarida kidogo ambacho watu hukitengeneza wenyewe, hukitoa fotokopi na kukigawa kwa mkono. Wapenzi wa hadithi za kisayansi wa Chicago walikuwa wakitoa cha kwao, The Comet, tangu mwaka 1930. Mimi huona kwamba kwa Waswahili jambo hili si geni sana. Kanga nayo ni pambo lililochapwa, likiwa na maneno machache chini yake, na hupita kutoka mkono hadi mkono.

Makumbusho ya Huye yalifunguliwa mwaka 1989, yakiwa zawadi ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Yana vyumba saba vya maonyesho. Hatukupiga picha hata moja. Tulikubaliana kuchora kwa penseli tu, kwa kuwa anayechora hulazimika kukaa. Nilikaa karibu saa nzima mbele ya vikapu, nikihesabu mahali ambapo uzi mweusi unaingia na kutoka. Mwenzetu wa Goma hakuondoka penye mikeka. Tulirudi na madaftari sita. Jioni tulipoyalinganisha tuliona kwamba sote tulikuwa tumeandika jina la kitu, kazi yake na nyenzo zake, na hakuna aliyerudi na jina la mtu aliyekisuka. Makumbusho mengi ya aina hii, Ulaya na Afrika, yalijazwa vitu hivyohivyo, bila majina ya waliovitengeneza. Mtawala hutajwa, mkusanyaji hutajwa. Msukaji ni "utamaduni".

Hapo ndipo kazi yetu ilipopata shabaha. Tukakata shauri kwamba kila ukurasa wenye pambo uwe na mtu aliye hai ambaye tungeweza kwenda kumsalimu.

Niseme kidogo juu ya kukunja, maana ndiko kulikotufundisha kushirikiana kuliko mikutano yetu yote. Kurasa kumi na sita hutoka katika karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati. Upande mmoja wa karatasi ya kwanza hubeba ukurasa wa 16 na wa 1. Wa nyuma hubeba wa 2 na wa 15. Ukijumlisha kurasa mbili zilizo upande mmoja, daima unapata 17. Maana yake, aliyepewa ukurasa wa 4 anagawana karatasi na mwenye ukurasa wa 13, watu wawili ambao maandishi yao hayatakutana kamwe msomaji akifungua. Mmoja akichelewa, mwenzake naye hachapwi. Ni kurasa za 8 na 9 tu, pale kwenye pini za stepla, zinazoonekana pamoja na pia kuchapwa pamoja, kwa hiyo hapo ndipo mchoro unaweza kupita kutoka ukingo hadi ukingo bila kukatika. Kila mmoja alipataka.

Alipewa mwenzetu wa Goma. Mwezi Januari 2025, vita vilipoingia mjini kwao, mama yake alivuka Petite Barrière akiwa na mkoba mmoja. Mwenzetu alichora mkeka wa mama yake kwa kumbukumbu, akisaidiwa na michoro ya Huye pale ambapo hakukumbuka pindo, na chini yake akaandika maneno ya mama mwenyewe: "Huu mukeka nilisukaka mwenyewe. Ulibakia ku nyumba."

Mhadhiri mmoja aliyetusomea rasimu alishauri tusanifishe: "Mkeka huu niliusuka mwenyewe. Ulibaki nyumbani." Alisema kijarida cha wanafunzi wa Kiswahili kisiwe na makosa ya Kiswahili. Hoja yake ina uzito hapa kwetu kuliko anavyodhani mtu wa Dar es Salaam. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017 tu, na wengi bado wanakiona kuwa lugha ya soko na ya gereji. Tukijitokeza na "nilisukaka", tunawathibitishia.

Tulibishana siku mbili. Watatu walitaka usanifu, wawili hawakutaka, na mwenye ukurasa alinyamaza. Mimi nilikuwa miongoni mwa wawili. Kisarufi, ku nyumba na nyumbani ni kitu kimoja, najua. Lakini kwa sikio langu, nyumbani ni popote ninapolala sasa, hata kwenye chumba cha kupanga kule Mbugangari. Ku nyumba inanionyesha nyumba ile, yenye mlango wake. Siku ya tatu mwenye ukurasa akasema, "Mukisanifisha, basi toeni jina la mama. Atakuwa hakusema hivyo." Hatukuwa na jibu. Maneno yalibaki, na mhadhiri, kwa heshima yake, aliandika dibaji fupi juu ya lahaja za mpakani ambayo ni nzuri kuliko nusu ya tuliyoandika sisi.

Tulitoa nakala 60. Pande nane kila nakala, faranga 30 kila upande: faranga 14,400, yaani 2,400 kila mtu. Fotokopi ni nyeusi tu, na migongo bila nyekundu ni kama chai bila majani, kwa hiyo nyekundu ya jalada tuligonga kwa mkono, kwa mhuri tuliouchonga kwenye soli ya kandambili kuukuu. Hakuna majalada mawili yanayofanana.

Ukurasa wa vikapu ulikuwa wangu, na mtu wangu alikuwa bibi wa rafiki yangu, ambaye sote humwita Mukecuru. Husuka agaseke akiwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha. Nilimpelekea rasimu, nikamsomea kwa Kinyarwanda kilichoandikwa kwa Kiswahili. Alipofika kwenye jina lake aliweka kidole.

"Hili ni langu. La aliyenifundisha liko wapi?"

Nikamwambia sikulijua. Akanitajia: mwanamke aliyefariki zamani, jirani wa mama yake. Hakuacha mtoto. Vikapu vyake viliuzwa vyote, na Mukecuru hajui hata kimoja kilikokwenda.

Jina hilo limo katika ukurasa wa 13, juu ya lake. Silirudii hapa kwa sababu ruhusa aliyonipa ilikuwa ya karatasi zile 60. Nakala yake ameifunga kwa kitambaa na kuiweka ndani ya kikapu, na mjukuu wake ananiambia kwamba wageni wakija huwaonyesha kikapu kwanza.