Adapta ya king'amuzi ilivyonitia aibu kwa mjomba

Nilikuwa kimya, likizo nilikuwa nyumbani Magu. Nimerudi Malimbe na stori ya aibu. Mlionicheka niliponunua chaja kwa hela ya bumu, leo chekeni tena.

Chaja yenyewe mnaijua, kile kiboksi chenye skrini ndogo na vitufe vinne ambacho wenzetu wanachajia betri za droni na magari ya rimoti. Inachaji karibu kila aina ya betri, hata zile za asidi. Ila haichomekwi ukutani. Inataka volti 11 mpaka 18 za DC, na utazitoa wapi ni shauri yako.

Sasa mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, huku Ghuba ya Speke. Enzi za karabai, taa moja ilikuwa inakunywa lita nzima ya mafuta ya taa na zaidi kwa usiku. Halafu mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili watu waache kuchakachua dizeli, na mvuvi ambaye hakuwahi kuchakachua chochote akaumia naye. Siku hizi mjomba anatumia taa za LED na betri mbili za volti 12, kila moja Ah 18. Kuzichaji analipia senta, na mara nyingine zinarudi hazijajaa. Mimi msomi nikadakia: mjomba, zilete nyumbani, umeme upo, nitazichaji bure.

"Sawa mjomba," akasema. (Kwetu tunaitana hivyo wote wawili.)

Nikachukua adapta ya king'amuzi, imeandikwa volti 12, ampea 2. Nikawaza, kumi na mbili si ndiyo kumi na mbili? Nikaunga betri ya kwanza, nikaweka ampea 3, nikaenda zangu kuzurura. Nimerudi mchana, chaja imeshasimama kitambo, inalalamika kwamba umeme unaoingia ni mdogo. Nikaizima, nikaiwasha, ikasimama tena. Saa kumi mjomba huyu hapa na pikipiki. Jamani, nikampa betri zote mbili, moja robo, nyingine sijaigusa, nikamwambia ziko poa.

Ilikuwa siku za giza, ambazo dagaa wanaifuata taa vizuri, si za mbalamwezi. Taa zilizima kabla ya saa sita usiku. Walikuwa watu wanne mtumbwini, na petroli ya injini mjomba alikuwa ameikopa. Asubuhi hakugomba. Alisema tu, "Ungeniambia hazijajaa, ningeazima kwa jirani."

Ndiyo nikashika kalamu, kitu nilichotakiwa kufanya kabla. Betri ya asidi ikikaribia kujaa inafika volti 14.4. Zidisha kwa ampea 3, ni wati 43. Chaja nayo inapoteza kidogo, kwa hiyo inahitaji kuvuta wati 50 na ushee, yaani zaidi ya ampea 4 kwenye volti 12. Adapta yangu ya ampea 2 mwisho wake ni wati 24! Ikielemewa, volti zinaporomoka chini ya 11, chaja inakata. Ningeweka ampea 1 ingevumilia, lakini betri moja ingechukua karibu saa ishirini.

Nikashuka Mwanza mjini, fundi kompyuta akaniuzia pawa saplai ya kompyuta mbovu. Hii ndiyo nawashauri. Waya wa njano ni volti 12, mweusi ni hasi, na ili iwake unaunganisha wa kijani na mweusi wowote. Yangu ilitoa 11.3 tu mpaka nilipofunga balbu ya breki ya gari kati ya waya mwekundu na mweusi, maana nyingine za zamani zinataka mzigo kwenye volti 5 ndipo zitulie. Boksi lenyewe usilifungue kabisa, kapasita za ndani zinabaki na umeme mkali hata ukishachomoa.

Betri moja ilijaa usiku, nyingine mchana. Safari hii mjomba alipokuja nilimwekea mita mbele ya macho yake, 12.8, 12.8. Aliangalia mita, akaniangalia mimi, akazifunga kwenye pikipiki.

Ila umeme ukikatika wa nyumbani, pawa saplai ni tofali. Jenereta kwa kazi ya wati 50 ni kuchoma petroli bure. Nilitaka kuunga paneli ya sola moja kwa moja kwenye chaja, nashukuru nilipima kwanza: paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa haina mzigo, juani inapita 21. Chaja mwisho 18. Ningeiua. Paneli inahitaji kontrola, na ukishakuwa na kontrola inachaji betri za asidi yenyewe, chaja yangu ya bumu haina kazi tena. Inauma lakini ndiyo hivyo. Kwa mwaloni nimepiga hesabu ya paneli ya wati 100 hivi, kwa betri zote mbili.

Mdau anayepita Makoroboi wikiendi hii aniulizie bei ya kontrola ya ampea 10. Siku za giza zinarudi, na nimeshamwahidi mjomba.