Siku ya Mapumziko Mjini Lodwar

Msafiri atokaye Nadapal, mpakani mwa Kenya na Sudan Kusini, akifuata barabara kuu kuelekea kusini, hupita Lokichoggio, kisha Kakuma, na mwisho hufika Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Wengi huipita njia hiyo mbio, madirisha ya gari yamefungwa kwa sababu ya vumbi, wakidhani ya kuwa hakuna cha kutazamwa. Sisi tulikuwa wanne, baba, mama na watoto wawili, nasi tulikuwa na siku moja ya likizo isiyo na shughuli yoyote. Tukaazimia kuitumia Lodwar bila haraka.

Kakuma tulisimama kidogo tu siku iliyotangulia, tukanywa chai katika hoteli ya Mhabeshi mmoja. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa hapo mwaka 1992, watu wa mataifa mengi wamefungua maduka, na habari zao zastahili makala ya peke yake. Kutoka hapo mpaka Lodwar ni yapata kilomita 120.

Apendaye kutembea Lodwar sharti aamke mapema. Jua la huko halina mzaha. Mchana joto hupita nyuzi 35, na mtu mwenye akili hutafuta kivuli. Kwa hiyo saa kumi na mbili u nusu asubuhi tulikwisha fika ukingoni mwa mto Turkwel. Mto huu huanzia Mlima Elgon, ukakata nchi kavu mpaka Ziwa Turkana. Wakati wa kiangazi maji hupungua hata mchanga mtupu ukaonekana, lakini kingo zake husitawi migunga na mikoma. Akina mama walikuwa wakifua, vijana wakinywesha mbuzi. Tuliwauliza wenyeji kwanza mahali palipo salama (na kila mgeni afanye hivyo), ndipo watoto wakavua viatu. Kuwatoa hapo kulituchukua saa nzima.

Chini ya mkoma mmoja tulimkuta mama mtu mzima akisuka vikapu kwa majani ya mti huohuo. Tukamsalimu kwa Kiturkana, "Ejoka?" Akacheka kusikia matamshi yetu, akaitikia, "Ejok." Mke wangu akachagua kikapu kimoja, akaanza kupatana bei kama afanyavyo sokoni kwetu.

"Mama, nipunguzie kidogo."

"Mwanangu, hiki nimekisuka siku nne. Nikupunguzie siku ipi?"

Hakupatana tena, alilipa. Mwanangu wa kiume alinunuliwa ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho wanaume wa Kiturkana huchukua mkononi waendapo safarini. Akiketi ni kiti, akilala ni mto wa kichwa. Mchana, tulipokwisha kula samaki wa ziwani kwa ugali na kujinyosha chumbani, kijana alijaribu kukilalia. Baada ya dakika tano alikirudisha mfukoni na kuomba mto wa pamba.

Saa kumi jioni, joto lilipolegea, tulipanda polepole kilima penye sanamu kubwa ya Yesu, aliyenyosha mikono juu ya mji kama ile ya Rio de Janeiro. Kutoka hapo huonekana mabati ya mji yakimetameta, mstari wa kijani wa mto, na kisha tambarare isiyo na mwisho. Hapo niliwaeleza watoto ya kuwa Mzee Jomo Kenyatta, alipokwisha kutumikia kifungo chake huko Lokitaung mwaka 1959, hakuachiliwa, bali aliletwa Lodwar akakaa chini ya amri ya serikali mpaka mwaka 1961, alipohamishiwa Maralal.

"Baba, ukuta wa gereza ulikuwa wapi?" akauliza binti yangu.

Nikamwonyesha tambarare. Zamani zile Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa wilaya nyingine hakuruhusiwa kuingia ila kwa kibali, na aliyekuwa ndani angekwenda wapi kwa miguu? Serikali ilichagua mahali hapa kwa sababu palikuwa mbali na kila mtu. Leo familia ya karani huingia bila kuulizwa barua na mtu yeyote, ikapanda kilima ili kupunga hewa. Nadhani watoto hawakuona ajabu yoyote katika jambo hilo, nami sikuwalazimisha.

Lakini niliposema ya kuwa Mama Ngina alikuja kukaa na mumewe hapa Lodwar pamoja na binti zao wadogo, yule wangu akanyamaza, akatazama chini muda mrefu.

"Hao walikuwa wakicheza wapi?"

Mama yake akamwambia, labda mtoni. Akaridhika, akachukua kikapu, tukaanza kushuka kabla ya giza.